Rejeta Iliyovuja Kati ya Kyela na Isyonje

Mwishoni mwa mwezi wa Julai nilikuwa natoka Kyela, mkoani Mbeya, nikiwa nimepakia magunia manane ya mchele kwenye pikapu yangu, Toyota Hilux ya mwaka 1994 yenye injini ya dizeli aina ya 3L. Gari hilo nimekuwa nalo kwa miaka sita, na sindano yake ya joto ilikuwa haijawahi kuvuka katikati ya geji hata siku moja. Tulipoupita mji wa Tukuyu sindano ilianza kupanda. Ilishuka kidogo penye mteremko kabla ya Kiwira, nikajipa moyo kwamba ni uzito wa mzigo tu, kisha tulipoanza kuukwea mlima wa kuelekea Isyonje ikapanda moja kwa moja bila kurudi, na kabla sijapata mahali pazuri pa kuegesha, mvuke ulikuwa umekwisha kutoka pande zote mbili za boneti.

Mpwa wangu, ambaye safari hiyo alikuwa utingo wangu, aliruka chini na tambara mkononi akitaka kufungua kifuniko cha rejeta. Nilimshika mkono. Aliniambia, "Mjomba, lakini inahitaji maji," nikamjibu kwamba inayahitaji kweli, ila maji yaliyomo ndani kwa wakati ule yalikuwa na joto linalopita lile la chungu kilicho jikoni, yakizuiliwa na kifuniko peke yake, na kwamba atakapokifungua yatamrukia usoni na kifuani kabla hajawahi kurudi nyuma. Tulikaa pale karibu saa nzima. Ukungu wa Isyonje mwezi wa Julai ni mzito na baridi yake huingia mifupani, lakini injini ya chuma haipoi upesi kama mtu anavyodhani, na kuimwagia maji baridi ikiwa bado inaungua ni njia fupi ya kupasua silinda hedi, kile kichwa cha chuma kinachofunika injini kwa juu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi kando ya barabara alitupa ndoo ya maji bila kuulizwa, akasema pole kama tumefiwa, nami nikamjibu ndaga, yaani asante, kwa Kinyakyusa changu kidogo.

Tulipofungua kifuniko hatimaye, tuliona kwamba maji yalikuwa yamepungua karibu nusu. Tulijaza, na mara tukaona yakichuruzika kutoka pembe ya juu ya rejeta, upande wa dereva, pale tanki la juu linapoungana na sehemu ya kati yenye mirija. Dereva wa lori la Fuso aliyesimama kutusaidia alikwenda kwenye kibanda akarudi na pakiti mbili za bizari. "Mzee, tia hii, utafika," alisema. Nilitia, na ni kweli tulifika. Bizari husambaa ndani ya maji, hukokotwa hadi penye ufa, hukwama pale na kuvimba, na uvujaji hupungua. Simlaumu dereva yule hata kidogo. Alitutoa barabarani usiku usijatukuta. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu baada ya kufika Uyole salama niliendelea kulitumia gari hilo kwa wiki tatu nzima, nikijiambia kwamba kwa kuwa halidondoshi tena, basi limepona.

Wiki ya tatu lilichemsha tena kwenye mlima wa Igawilo, bila mzigo wowote, na safari hii hakukuwa na tone hata moja lililovuja.

Hapo ndipo nilipoamua kulishughulikia jambo hili kwa utaratibu. Nimefundisha fizikia shule ya sekondari kwa miaka mingi, na nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi mambo ya mchemko na mgandamizo ubaoni, huku gari langu likinionyesha mambo hayo hayo barabarani nami sitazami. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari, lakini kadiri unavyopanda juu hewa inapungua mgandamizo na maji huchemka mapema zaidi, kiasi cha nyuzi moja kwa kila mita 300 hivi. Kyela iko kwenye takriban mita 500, karibu sawa na uso wa Ziwa Nyasa. Isyonje iko zaidi ya mita 2,000. Kwa hiyo pale juu, maji yaliyo kwenye sufuria iliyo wazi huchemka yakiwa na nyuzi 93 tu. Sasa themostati nyingi za injini hizi, yaani vali inayoyafungulia maji ya moto njia ya kwenda kwenye rejeta, hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90, maana yake ni kwamba injini iliyo salama kabisa hufanya kazi karibu sana na mahali ambapo maji ya wazi ya Isyonje yanachemka.

Kinachotuokoa ni kifuniko. Kifuniko cha rejeta yangu kimeandikwa 0.9, yaani springi yake huzuia mpaka mgandamizo wa ndani uzidi ule wa nje kwa karibu kilo 0.9 kwa kila sentimita mraba, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110 hata yakiwa kwenye kilele cha barabara ile. Rejeta ikiwa na ufa mdogo, au kifuniko kikiwa kimechoka, mgandamizo haushikiki, na gari linalokwenda vizuri Dar es Salaam likiwa na kasoro hiyo hiyo litachemsha hapa kwetu. Tena hewa ya milimani ni nyepesi, na hewa nyepesi ikipita kwenye rejeta hubeba joto kidogo kuliko ile ya pwani. Ninaeleza haya kwa urefu kwa sababu nimesikia madereva wengi wa Mbeya wakisema kwamba kifuniko ni kifuniko tu, na nimeona magari yaliyofungwa vifuniko vya kubahatisha, vingine vikiwa vimetolewa kwenye magari madogo kabisa.

Kabla ya kufungua bolti yoyote nilitaka kuwa na hakika kwamba ugonjwa uko kwenye rejeta na si mahali pengine. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, nilifungua kifuniko, nikajaza maji mpaka shingoni, nikawasha injini na kuangalia. Kama gasketi inayoziba kati ya silinda hedi na injini imeungua, gesi ya mlipuko huingia kwenye maji, na utaona mapovu yakitoka mfululizo tangu dakika ya kwanza bila kukoma. Mipira ya maji nayo huwa migumu kama tairi wakati injini haijapata hata joto. Kwangu yalitoka mapovu mawili matatu, kisha maji yakatulia. Nilishukuru Mungu, kwani kazi ya hedi ni gharama nyingine kabisa. Baadaye niliingia chini ya gari na tochi kutazama kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji, ambacho kazi yake ni kutoa tone pale sili ya pampu inapoanza kufa. Kilikuwa kikavu na chenye vumbi la kawaida. Nilipapasa zulia upande wa abiria, mahali ambapo kijirejeta cha hita kikivuja utaona unyevu na kusikia harufu tamutamu ndani ya gari, nako hakukuwa na kitu. Basi ilibaki rejeta yenyewe. Pembeni mwa tanki la juu kulikuwa na ukoko mweupe uliochanganyika na kutu, umetiririka chini kama machozi yaliyokauka, na nilipoufuta niliona kwamba ulikuwa wa muda mrefu, tangu miezi mingi kabla ya safari ya Kyela. Chupa ya akiba, ile inayopokea maji yanayofurika kutoka kwenye rejeta, pia ilikuwa tupu, na sikumbuki mara ya mwisho niliyoitazama.

Kuitoa rejeta kwenye Hilux ya aina hii si kazi ngumu kwa mtu mwenye spana namba 10 na 12, plaizi, bisibisi na subira. Nilimwaga maji kwa koki iliyo chini, nikayakinga kwenye beseni. Ninasisitiza beseni, kwa sababu kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ni sumu na ina utamu unaowavutia mbwa na watoto, na uwanja wangu unapakana na shamba la viazi la jirani. Mipira ya juu na ya chini ilikuwa imeng'ang'ania. Wa juu niliukata kwa kisu kwa urefu badala ya kuuzungusha kwa nguvu, kwa kuwa mpira ni rahisi kununua na shingo ya rejeta iliyopindishwa ni kazi nyingine ya fundi. Kisha nililegeza kava ya feni na kuisogeza nyuma, nikaingiza kipande cha boksi gumu kati ya feni na rejeta ili vile vibati vyembamba vinavyopoza visikwaruzwe, nikafungua bolti nne, na rejeta ikatoka juu.

Ilipotoka niliona jambo ambalo pengine ndilo lililoanzisha yote. Mipira midogo inayokaa chini ya rejeta, ile inayoikinga isitikisike moja kwa moja na bodi, mmoja ulikuwa umeliwa kabisa na mwingine haukuwapo. Rejeta ilikuwa imening'inia kwenye bolti zake, na kila tuta la barabara ya vumbi ya kuelekea shambani lilikuwa likiisukasuka pembe ile ile iliyopasuka. Ningeweza kulehemu ufa ule mara kumi na ungefunguka mara kumi.

Niliipeleka kwa fundi rejeta mmoja upande wa Mwanjelwa. Ni kijana ambaye hafanyi kazi nyingine isipokuwa hii, na kibanda chake hakina zaidi ya meza ya chuma, mtungi wa gesi, na pipa lililokatwa kwa urefu na kujazwa maji. "Shikamoo Mwalimu," aliniamkia, maana aliwahi kusoma shuleni kwetu ingawa hakuwa darasa langu. Aliipokea rejeta, akaigeuza, akapitisha kidole chake kwenye vibati vya kupoza kwa upole kama mtu anayepapasa manyoya ya kuku, akasema bado ni mizima. Nilimuuliza anajuaje. Alinionyesha rejeta nyingine iliyokuwa imetupwa pembeni, akaniambia niiguse. Nilipoigusa, vibati vilipukutika vikawa unga wa kijani mkononi mwangu. Rejeta ya namna hiyo haina cha kutengeneza, alisema, hata usipoona tone lolote, kwa sababu mirija haina tena kitu cha kulipokea joto na kulipeleka kwenye hewa.

Aliziba shingo mbili kwa vizibo vya mpira, akaunganisha pampu ya upepo penye mdomo wa mpira wa chupa ya akiba, akaizamisha rejeta ndani ya pipa. Kutoka pembe ile mapovu yalitoka kama uzi wa shanga. Lakini alisubiri, akaiinamisha upande wa pili, na kutoka katikati, chini kabisa karibu na tanki la chini, povu moja dogo likajitokeza, likakaa, likapanda, kisha jingine. Peke yangu nisingeliona kamwe. Nilimwambia basi azibe hapo pawili nimlipe. Alikataa kwa adabu. "Mwalimu, nikiziba bila kufungua, utanirudia mwezi ujao na utasema mimi si fundi."

Alipasha moto ukingo wa tanki la juu taratibu, akizungusha mwale wa gesi usikae mahali pamoja, mpaka lehemu ya zamani ikaanza kung'aa na kutiririka kama zebaki, kisha akalinyanyua tanki kwa koleo. Tuliinama wote wawili. Ilikuwa safu ya midomo ya mirija, mirefu na myembamba kama vitundu vya vifungo vya shati, na karibu theluthi moja yake ilikuwa imezibwa. Mingine ilikuwa na ukoko mweupe mgumu, ule ule tunaoukuta ndani ya birika la chai. Katika mingine kulikuwa na tope zito la rangi ya manjano, ambalo alilichokonoa kwa ncha ya bisibisi na kuniwekea kiganjani. Nililinusa. Lilikuwa bado linanukia mchuzi.

Bizari haichagui tundu. Inaziba ufa kwa sababu ufa ni mwembamba, na mirija ya rejeta iliyokwisha kupata ukoko nayo ni myembamba, hivyo inaiziba vilevile. Kwa safari moja ya dharura, mahali ambapo hakuna gereji na giza linaingia, ningeitia tena. Baada ya kufika nyumbani, siku hiyo hiyo au kesho yake, maji yote yanapaswa kumwagwa na mfumo kuoshwa kabla unga haujakauka na kushikamana. Hili ndilo nililolikosa, na ndilo lililonifanya nilichemshe gari tupu kwenye mlima wa Igawilo. Hali ni hiyo hiyo kwa dawa za kuzuia uvujaji zinazouzwa madukani kwenye vichupa. Zinafanya kazi kwa kanuni ile ile.

Pale kibandani nilikuwa na uamuzi wa kufanya. Maduka ya vipuri ya Mbeya yanauza rejeta mpya za alumini zenye matanki ya plastiki kwa bei ambayo kwangu ilikuwa zaidi ya mara tatu ya gharama ya kuifungua, kuisafisha na kuifunga ya zamani. Rejeta za alumini si mbaya. Ni nyepesi, na zikiwa nzima zinapoza vizuri sana. Tatizo langu lilikuwa mahali ninapoishi na kazi ninayoifanya. Tanki la plastiki limebanwa kwenye alumini kwa meno ya bati na mpira katikati. Miaka ikipita plastiki hukakamaa kwa joto na kupasuka, na ikipasuka hakuna lehemu itakayoishika. Mirija ya alumini nayo hailehemiki kwa vifaa ambavyo fundi wa kawaida anavyo, hivyo ikitoboka mtu hubaki na gundi ya chuma na matumaini. Rejeta yangu ya zamani ni ya shaba nyekundu kwenye vibati na shaba njano kwenye mirija na matanki, na kitu cha shaba mtu mwenye moto, risasi na bati anaweza kukirudisha kazini tena na tena, iwe Mwanjelwa, Tukuyu au Makambako. Kama vibati vingekuwa vimepukutika, ningenunua mpya bila kubishana. Lakini kutupa shaba nzima kwa sababu ya ukoko na nyufa mbili niliona si sawa, na bado ninaona hivyo.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Fundi alifungua na tanki la chini, akapitisha upanga mwembamba wa chuma ndani ya kila mrija, mmoja baada ya mwingine, akisukuma na kuvuta mpaka mwanga uonekane upande wa pili. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu naye safu. Mrija mmoja, ule uliotoa povu dogo, ulikuwa umelika kiasi kwamba upanga ungeupasua, hivyo aliuziba kabisa pande zote mbili kwa lehemu. Alinieleza kwamba kupoteza mrija mmoja au miwili kwenye rejeta kubwa hakuna athari ya kuonekana, ila ikifika mingi inakuwa kujidanganya. Pembe iliyopasuka ilimsumbua zaidi ya yote, kwa kuwa mwenye gari kabla yangu alikuwa amewahi kupaka gundi ya chuma pale, na lehemu haishiki juu ya gundi wala juu ya uchafu. Ililazimu akwangue na kupiga msasa mpaka shaba njano ing'ae, apake asidi ya kusafishia, ndipo risasi ikakubali kulainika na kuingia kwenye kiungo. Baadaye aliizamisha rejeta kwenye pipa mara nyingine. Tulisimama tukitazama maji yaliyotulia kwa muda ambao ningeweza kunywa kikombe cha chai, na hakuna povu lililotoka. Nililipa shilingi 70,000, na sikuomba punguzo.

Nikiwa njiani kurudi nilipita dukani kununua mipira miwili ya maji, klipu mpya, mipira midogo ya kukalia rejeta, na kifuniko. Muuzaji alinipa kifuniko kilichoandikwa 1.1 akasema kitazuia zaidi, hivyo ni bora zaidi. Nilikirudisha. Rejeta iliyozeeka, yenye viungo vilivyolehemiwa jana, haihitaji mgandamizo mkubwa kuliko ule iliyotengenezewa. Utakachofanya mgandamizo huo ni kutafuta mahali pengine dhaifu pa kutokea. Tafuta namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha asili na uifuate hiyo.

Kufunga ni kurudia hatua zile zile kinyumenyume, isipokuwa kujaza maji, ambako watu wengi huharakisha. Niliweka kulanti iliyokolea nusu na maji nusu. Kwa maji nilitumia yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri (si asidi ya betri, mtu asije akachanganya), na yasipopatikana, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi yanafaa kuliko ya mto au ya bomba, kwa sababu hayana chumvi za madini zinazoacha ukoko. Kwa miaka sita mimi nilikuwa naongeza maji ya mto popote nilipopungukiwa, Kiwira, Mbaka, popote, na ukoko ule mweupe niliouona ndani ya mirija ni mchango wangu mwenyewe. Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi zenye theluji. Kwanza, kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha mchemko; pili, anayelala Kitulo au Makete mwezi wa Juni na Julai anajua kwamba asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa barafu, na maji matupu yakiganda ndani ya injini hupasua chuma. Jambo moja la kuangalia ni kutochanganya aina mbili za kulanti kwa kufuata rangi peke yake, kwa kuwa rangi ni ya mtengenezaji na haikuambii kilichomo.

Niliegesha gari kichwa kikiwa kimeinuka kidogo ili hewa ipande kuelekea kwenye kifuniko, nikafungua hita mpaka mwisho wa joto, nikajaza polepole, nikawasha injini kifuniko kikiwa wazi. Maji yalishuka, nikaongeza. Yakatoa mapovu makubwa, nikaongeza. Mkono wangu ulikuwa juu ya mpira wa juu. Kwa dakika kama kumi ulibaki wa baridi, kisha ghafla joto likapita chini ya vidole, themostati imefunguka, na usawa wa maji ukashuka tena kwa kiasi cha kikombe. Nilijaza mara ya mwisho, nikafunga, nikajaza chupa ya akiba mpaka kwenye mstari.

Nilisubiri wiki mbili za safari fupi za Uyole na mjini kabla sijathubutu kwenda mbali. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nilifungua kifuniko na kutazama, na siku ya tatu usawa ulikuwa umeshuka kwa upana wa kidole, hewa iliyobaki ilipopata njia yake. Baada ya hapo haukusogea.

Mwezi wa Septemba tulirudi Kyela kuchukua mchele mwingine, magunia manane yale yale, na mpwa wangu kando yangu. Tulipoanza mlima baada ya Kiwira nilishusha gia mapema, nikafungua hita ingawa kulikuwa na jua, na sote wawili hatukuongea. Tulikuwa tukiitazama sindano. Ilifika katikati ikakaa hapo. Pale Isyonje niliegesha mahali tulipochemshia Julai, nikamtafuta yule mama wa viazi ili nimnunulie ndoo nzima, lakini mwenzake aliniambia kwamba siku hiyo alikuwa gulioni. Nilinunua kwa mwenzake. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kufungua boneti, na nilipomkaribia nilimkuta amesimama mikono yake ikiwa nyuma, akitazama pembe ya tanki la juu ambayo ilikuwa kavu, bila kukigusa kifuniko.